Kikao cha Kila Wiki na Undugu wa Wanachama: Mwongozo kwa Klabu za Huduma Jijini Dodoma

Klabu ya huduma kwa jamii ni kundi la watu wa kazi mbalimbali wanaokutana kwa ratiba isiyoyumba, wanaolipa ada, na wanaojitolea pamoja kwa ajili ya mji wao: kupeleka maji shuleni, kupima macho, kuchangia damu, kupanda miti. Jijini Dodoma klabu kama hizi zina wajibu mwingine ambao hauandikwi katika katiba. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, mji umepokea maelfu ya watumishi, na wengi wao waliziacha familia zao Dar es Salaam au mikoani. Mtu anaweza kupanga nyumba Kisasa au Nzuguni, akaishi hapo mwaka mzima, na bado akawa anawafahamu wafanyakazi wenzake, mwenye nyumba na muuza duka tu. Kwa upande mwingine wapo wazaliwa wa hapa, kutoka Chamwino, Hombolo, Bahi na Mpwapwa, wanaouona mji wao ukijaa wageni wasiowajua kwa majina. Klabu nzuri ni mojawapo ya sehemu chache ambapo watu hawa hukaa meza moja bila ya mmoja kuwa mteja wa mwingine.

Mwongozo huu ni kwa viongozi wa klabu changa, na pia kwa klabu kongwe ambazo mahudhurio yake yameanza kupungua. Ninaamini jambo moja ambalo nitalirudia kwa sura mbalimbali: kazi za huduma hufanyika vizuri pale wanachama walipozoeana, na kuzoeana huko hakuletwi na sherehe moja ya mwisho wa mwaka, kwa sababu hujengwa ndani ya saa moja ya kila wiki inayoendeshwa kwa uangalifu.

Desturi hii ilikotoka

Mfumo wa klabu za huduma tunaoufahamu leo ulianzia Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, wakati wakili Paul Harris alipokutana na rafiki zake watatu katika ofisi ya mmoja wao. Harris alikulia katika mji mdogo, na kilichomkosesha raha katika jiji kubwa ni kuishi kati ya watu wengi bila kuwa na marafiki. Walikubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, na zamu hizo ndizo zilizoipa klabu yao jina la Rotary, yaani ya kuzunguka. Inafaa kukumbuka kwamba urafiki ndio uliotangulia, na miradi ikafuata baada ya wanachama kuaminiana. Mwaka 1917, katika jiji hilohilo, Melvin Jones alianzisha klabu za Lions, ambazo tangu mwaka 1925 zimejipambanua kwa kazi ya kupambana na upofu.

Kwa miongo mingi klabu za Rotary zilitakiwa kukutana kila wiki bila kukosa. Mwaka 2016 kanuni zililegezwa na klabu zikaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi, na klabu nyingi za Lions nazo hufuata utaratibu wa mara mbili kwa mwezi. Ushauri wangu kwa klabu changa ya Dodoma, iwe chini ya mojawapo ya mitandao hiyo au iwe imejiundia yenyewe, ni kukutana kila wiki kwa mwaka mzima wa kwanza. Mwanachama akikosa kikao kimoja cha kila wiki hukaa siku 14 bila kuwaona wenzake. Akikosa kimoja cha kila nusu mwezi hukaa karibu mwezi, na mtu aliyekaa mwezi mzima nje huona aibu kurudi.

Kuchagua siku, saa na mahali

Jumatatu haifai, kwa kuwa ofisi nyingi hufanya vikao vyao vya menejimenti siku hiyo na hakuna mwenye uhakika wa kutoka kwa wakati. Ijumaa haifai zaidi: mchana kuna Swala ya Ijumaa, na jioni wenye familia mbali wako kituo cha treni au stendi ya mabasi. Jumamosi ni siku ya misiba, harusi, vikao vya ukoo na jumuiya ndogo ndogo. Zinabaki Jumanne, Jumatano na Alhamisi, lakini Jumatano madhehebu kadhaa huwa na ibada za katikati ya wiki, hivyo uliza kwanza kabla ya kuamua. Klabu ikishachagua siku yake isiibadilishe kwa sababu ya mgeni mmoja mkubwa aliyepata nafasi siku nyingine. Siku ikihamahama, wanachama huanza kuuliza kila wiki kama kikao kipo, na swali hilo likishazoeleka ni dalili mbaya.

Kuhusu saa, jua la Dodoma huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni kutegemea mwezi, na wanachama Waislamu wanahitaji kuwahi Magharibi. Kikao kinachoanza saa 11:00 jioni na kufungwa saa 12:00 kamili huwapa watumishi muda wa kutoka kazini, huwapa wafanyabiashara wa Majengo na wa Soko la Job Ndugai nafasi ya kumwachia mtu biashara kwa muda mfupi, na hubakiza nusu saa ya mazungumzo kabla ya adhana. Katika mwezi wa Ramadhani sogeza kikao kifanyike mchana au kifuatane na futari, na uamuzi huo utolewe mapema, si siku ya kwanza ya mfungo.

Mahali pana mitego yake. Wakati wa mikutano ya Bunge, hasa ule wa bajeti unaoanza Aprili na kufika mwishoni mwa Juni, kumbi na vyumba vya hoteli hujaa na bei hupanda, na klabu isiyokuwa na makubaliano ya maandishi hujikuta imehamishiwa kona ya bustani karibu na spika za muziki. Andikianeni na mwenye ukumbi kwa mwaka mzima, mtaje siku na saa, na muwe na mahali pa pili pa akiba, kwa mfano darasa la shule ya jirani. Ukumbi ulio ndani ya baa huwafukuza kimyakimya watu wasiopenda kuonekana humo, na ukumbi wa nyumba ya ibada huwafanya wa dini nyingine wajione wageni. Ukumbi wa mgahawa wa kawaida, wa chuo au wa shule hauna tatizo hilo. Msisahau pia umbali. Mji wa Serikali wa Mtumba uko zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo mwanachama anayetoka huko kwa daladala anahitaji ukumbi ulio karibu na barabara kuu, wala si nyumba ya kifahari mlimani isiyofikika ila kwa gari binafsi. Mkikaa nje mwezi Juni au Julai, watangazieni wageni waje na sweta, kwa sababu upepo wa jioni wa Dodoma katika kipupwe humwondoa mtu kitini kabla ya ajenda ya pili.

Mpangilio wa saa moja

Dakika kumi kabla ya saa 11:00, wanachama wawili wa zamu wawe mlangoni wakiwa na daftari la mahudhurio na beji zenye majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka bila miwani. Zamu hii ni ya watu wote, akiwemo mwenyekiti. Mgeni akiingia hasalimiwi kwa kuonyeshwa kiti kwa kidole. Kijana wa zamu anasema, "Shikamoo mama, karibu sana," naye anajibiwa, "Marahaba mwanangu, hujambo," kisha anamsindikiza hadi kwa wanachama wawili, anamtaja jina, anataja mtaa anakotoka au kazi yake, na anaondoka baada tu ya kuona mazungumzo yameshika. Kitendo hiki hakizidi dakika mbili, nami nimekiona kikirudisha wageni kuliko hotuba yoyote ya kukaribisha. Kwa kuwa tuko Ugogoni, salamu ya "Mbukwenyi" kwa kikao kizima mwanzoni mwa shughuli huwapa wenyeji heshima yao, na huwafundisha waliohamia salamu ya mahali wanapoishi.

Kikao kianze saa 11:00 hata kama waliopo ni saba. Ukisubiri wachelewaji unawaadhibu waliowahi, na wiki inayofuata nao watachelewa. Baada ya sala fupi au dakika ya ukimya, kwa namna isiyombagua yeyote, wageni watambulishwe, kisha zifuate habari za wanachama kwa dakika kumi, mzungumzaji wa siku kwa dakika ishirini pamoja na maswali, taarifa za kamati kwa dakika kumi na tano, na matangazo ya wiki. Dakika zinazobaki ziachwe wazi, kwani kikao kisicho na hata dakika moja ya akiba hupitiliza kila mara.

Kinachoua saa hii ni itifaki. Tumezoea kwamba kila anayesimama aanze kwa kuwataja viongozi wote waliopo, kuanzia meza kuu hadi mlezi, na hata anayesema kwamba itifaki imezingatiwa huwa ameshatumia dakika tatu. Klabu ikubaliane kwamba mwenyekiti pekee ndiye atakayetambua viongozi, mara moja, mwanzoni. Vilevile ondoeni meza kuu. Viti vipangwe kwa duara au kwa meza ndogo ndogo za watu watano au sita, na mwenyekiti aketi kwenye meza yoyote ile. Wanachama wabadilishe meza kila wiki, maana wasipohimizwa, watumishi wa wizara moja watakaa pamoja, wafanyabiashara watakaa pamoja, na baada ya miezi sita mtakuwa na klabu tatu ndani ya ukumbi mmoja.

Mzungumzaji wa siku achaguliwe kwa kuangalia kazi zilizo mbele ya klabu. Dodoma ina utajiri wa watu wa kuwaalika ambao wako dakika chache tu kutoka ukumbini: mtafiti wa zabibu kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Makutupora, mtaalamu wa mamlaka ya maji anayeweza kueleza kwa nini jiji limetegemea visima vya Mzakwe kwa muda mrefu, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma au wa Chuo cha Mipango, daktari wa macho, mwenyekiti wa mtaa, fundi wa pampu za maji, mkulima wa uwele. Mwandikieni barua wiki mbili kabla, mweleze kwamba ana dakika kumi na tano na kwamba baada yake kuna maswali, kisha mkumbusheni kwa simu siku moja kabla. Zawadi ndogo kama chupa ya asali ya Manyoni au mche wa mti inatosha kabisa. Muda wake ukiisha, mwenyekiti asimame kwa heshima na kumshukuru. Mgeni mwenye busara ataelewa, na asiyeelewa ataelewa mwenyekiti akibaki amesimama. Angalau mara moja kwa mwezi nafasi hiyo apewe mwanachama wa klabu aeleze kazi yake mwenyewe. Watu wanaweza kukaa pamoja miaka miwili wasijue kwamba jirani yao wa meza ndiye anayesimamia maabara ya damu au anayeshona sare za shule nusu ya kata, na siku klabu inapohitaji msaada wa aina hiyo inakwenda kuutafuta nje kwa gharama.

Habari za wanachama

Nikiambiwa nifute kila kitu katika kikao nibakize sehemu moja, nitabakiza hii. Kila mwenye habari anasimama, anaisema kwa chini ya dakika moja, na anaweka shilingi mia tano au elfu moja katika kopo la furaha: mtoto amefaulu, kiwanja kimepatikana hati, mama ametoka hospitali, shamba la mizabibu limevunwa. Kiwango kiwe kilekile kwa mkurugenzi na kwa dereva wa bajaji, na asiwepo wa kuongeza noti ili aonekane. Habari za huzuni nazo zina nafasi yake na hazitozwi kitu. Mwanachama akisema kwamba ana mgonjwa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, katibu aandike hapohapo jina la atakayekwenda kumwona na siku atakayokwenda, kwa sababu pole za jumla za watu thelathini mara nyingi huishia bila hata mmoja kufika wodini.

Klabu nyingi zina desturi ya faini za mzaha zinazotozwa na mtunza nidhamu wa kikao: aliyesahau beji, ambaye simu yake imelia, aliyetokea gazetini. Desturi hii huchangamsha ikiwa ina mipaka. Faini zisizidi shilingi elfu moja, asitozwe mtu aliyechelewa kwa sababu ya kazi au mgonjwa, na isiguswe kabisa hali ya mwili wa mtu, ndoa yake, dini yake au kipato chake. Utani wa makabila nao waachiwe wanaoujua na wanaotaniana kweli, kwani mgeni asiyeujua husikia tusi pale mwenyeji anapocheka. Mtunza nidhamu akiona uso wa mtu umebadilika, ajitoze faini yeye mwenyewe na asonge mbele.

Katika kuitana, klabu zilizotokea nje zina desturi ya kutumia jina la kwanza bila cheo. Kwetu hapa si lazima tumvue mzee heshima yake ili awe ndugu. Dada, kaka, mama, mzee na jina la mtu baada yake vinatosha kuondoa umbali wa "mheshimiwa" na "mkurugenzi" bila kuleta ukavu, na kijana wa miaka 25 atathubutu kumpinga mzee katika hoja ya mradi akiwa ameanza kwa shikamoo.

Nusu saa baada ya kikao

Kufunga saa 12:00 kamili kunawapa ruhusa wenye haraka kuondoka bila aibu, na kunawapa wanaobaki muda usio na ajenda. Hapa ndipo chai, maandazi, mihogo ya kukaanga, karanga, na katika msimu wake zabibu za hapahapa, hufanya kazi yake. Chakula kiwe chepesi na kigharimiwe na ada. Zamu za wanachama kupika au kununua huanza kwa upendo na kugeuka mashindano, na mwenye kipato kidogo huanza kukosa vikao wiki inapokaribia zamu yake. Mvinyo wa Dodoma ni fahari ya mkoa, lakini katika mkusanyiko wenye watu wasiokunywa, juisi ya zabibu ndiyo inayofaa mezani, na wanaotaka zaidi wanajua pa kwenda baadaye.

Wakati huu viongozi wasijifungie pembeni kujadili bajeti. Wajibu wao ni kupita kwa watu, hasa kwa mwanachama aliyesimama peke yake akiangalia simu. Kila mwanachama mpya apewe mwenza aliyekaa klabuni zaidi ya mwaka, atakayeketi naye kwa vikao vinane vya kwanza, atakayemtambulisha kwa wengine na kumweleza mambo ambayo hayamo katika katiba: nani anaitwa vipi, mchango gani ni wa hiari kweli, na kamati ipi inahitaji mikono.

Kazi inayowaunganisha

Undugu wa ukumbini peke yake hukauka. Kila mwezi klabu itoke pamoja angalau mara moja kufanya kazi ya mikono, na hapa mkoa wenyewe unatoa somo. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja tu, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Klabu inayopanda miche mia mbili mwezi Juni kwa ajili ya picha imepanda kuni. Mashimo yachimbwe Oktoba na Novemba, miche ipandwe mvua zinapokolea, kila mche uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi, na kila mwanachama akabidhiwe miche yake mitano kwa jina. Kuanzia Mei, wakati wa taarifa za kamati, orodha isomwe: mama fulani, mitano yote mizima, mzee fulani, mitatu, miwili imeliwa. Hakuna anayekemewa, ila hakuna anayependa kusomewa sifuri mbele ya wenzake, na utaona watu wakipatana wawili wawili kwenda kumwagilia Jumamosi asubuhi kwa ndoo na kidumu. Urafiki unaozaliwa hapo huwa imara kuliko ule wa meza ya chai.

Ipo pia njia ya kisiki hai, inayojulikana vijiji vingi vya mkoa huu, ambapo visiki vinavyochipua vyenyewe shambani huchaguliwa machipukizi machache yenye afya, mengine hukatwa, na yaliyobaki huwekwa alama na kulindwa yakue kuwa miti. Haihitaji kitalu wala maji ya kumwagilia. Klabu ikienda kijijini kwa kazi hii iende kujifunza kwa wakulima wenyewe, chini ya mwongozo wa serikali ya kijiji, na kula chakula kilichopikwa hapo, ugali wa uwele na mlenda, badala ya kubeba masanduku ya vyakula kutoka mjini na kula kando.

Kabla ya kukubali mradi wowote, jadilini kwa maswali manne ambayo mfanyabiashara wa Chicago, Herbert J. Taylor, aliyaandika mwaka 1932 na ambayo Rotary iliyachukua: je, ni kweli, je, ni haki kwa wote wanaohusika, je, yatajenga nia njema na urafiki bora, je, yatawafaa wote wanaohusika? Swali la pili ndilo hukataa miradi mingi. Kisima kinachojengwa karibu na nyumba ya mjumbe wa kamati hakipiti hapo.

Fedha na kumbukumbu

Fedha za uendeshaji, yaani ada, chai na ukumbi, ziwe na akaunti yake, na michango ya huduma iwe na akaunti nyingine, kila moja ikiwa na watia saini zaidi ya mmoja. Mweka hazina asome mizania kila kikao cha kwanza cha mwezi, hata kama ni mistari minne. Kumbukumbu za kikao zisizidi ukurasa mmoja na ziseme kilichoamuliwa, atakayetekeleza na tarehe. Zitumwe katika kundi la klabu la WhatsApp usiku uleule. Kundi hilo lisigeuzwe uwanja wa siasa za vyama, biashara au jumbe za kusambazwa, na mwaka wa uchaguzi katibu awe mkali zaidi. Kuhusu usajili, pitieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Jiji kabla hamjafungua akaunti, awaeleze kama aina ya kundi lenu inaangukia chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337, au Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002.

Asiyeonekana

Katibu aangalie daftari la mahudhurio asubuhi ya siku inayofuata. Mwanachama aliyekosa bila udhuru apigiwe simu, naye apigiwe na mtu anayeketi naye, wala si na mweka hazina, maana simu ya mweka hazina husikika kama deni. Maneno yawe mepesi: "Kaka, jana tulikukosa, mezani kwetu kiti chako kilibaki wazi. Uko salama?" Akikosa mara ya pili, mtu amfuate nyumbani au kazini. Mara nyingi sababu ni ada iliyolimbikizana, na mtu mzima hatasema hivyo kwa simu. Kwa hali kama hiyo kamati ndogo ya watu wawili iwe na mamlaka ya kusogeza malipo kwa siri bila kulipeleka jambo kikaoni.

Mwanachama akiwa safarini Arusha, Morogoro au Dar es Salaam anaweza kuhudhuria klabu ya huko akarudi na uthibitisho. Klabu za Rotary zimekuwa zikihesabu ziara hizo kama fidia ya kikao alichokosa nyumbani, na hata klabu zisizo za Rotary zinaweza kuuiga utaratibu huo, kwani mtu hurudi na mawazo mapya na marafiki wawili watatu.

Msiba ukitokea, klabu iwe na kiwango cha rambirambi kilichokubaliwa mapema, kinachofanana kwa wote, na iwe na utaratibu wa wawakilishi. Mazishi yakiwa Kondoa, Manyoni au Singida, watu wanne wanaofika na kulala matangani wana thamani kubwa kwa mfiwa kuliko basi zima linalofika saa ya kuzika na kuondoka. Wiki ya tatu baada ya msiba, wakati watu wengine wameshatawanyika, mwenza wake wa meza apite tena.

Wanaohamishwa

Klabu ya Dodoma itapoteza wanachama kila mwaka kwa uhamisho wa kikazi, na lazima ijipange kwa hilo badala ya kushtuka. Pokeeni wanachama wapya kila baada ya miezi mitatu, kwa makundi madogo ya watu watatu au wanne ambao meza zinaweza kuwazoea, na angalieni kwamba uongozi hauwi wa watumishi wa umma watupu: katibu akiwa mtumishi, naibu wake awe mwalimu wa shule binafsi, mfanyabiashara au mkulima aliyejenga hapa. Kila kiongozi wa klabu awe na jalada linaloweza kukabidhiwa ndani ya siku moja.

Anayeondoka aagwe katika kikao cha kawaida, apewe dakika tano aseme anachokiacha mkononi na nani amrithi, kisha akabidhiwe barua ya utambulisho kwa klabu ya kituo chake kipya, ikiwa na tarehe aliyojiunga, kamati alizozitumikia na ada aliyolipa hadi siku hiyo. Barua hiyo iandikwe wiki ileile taarifa ya uhamisho inapotolewa, kabla hajafunga mizigo, na nakala yake katibu aitume mwenyewe kwa katibu wa klabu inayompokea.